Sura Isiyopauka

Brashi ilikuwa imelowa.

Mama Chiriku aliigusa mara ya pili, asije akawa anajidanganya, kisha akanusa vidole vyake. Jana jioni aliiosha kwa maji safi, akaikamua, akaitundika kwenye msumari wake juu ya beseni, manyoya yakitazama chini, kama alivyofanya tangu alipokuwa msichana na babu yake akimfokea kwa kuiacha imelala. Chumba cha giza, wanamosafishia picha, kilikuwa kimefungwa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Sasa brashi ilikuwa chepechepe, na kilichoilowesha hakikuwa maji. Kilinuka nywele zilizoungua.

Akaiosha tena, akaitundika tena, akaendelea na kazi zake. Mtu mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kuogopa brashi.

Studio ilikuwa mbele ya nyumba yao: chumba kimoja chenye dirisha kubwa na pazia la kijivu, nyuma yake chumba cha giza, na nyuma ya hicho ua mdogo uliopigwa na jua asubuhi mpaka jioni. Babu yake ndiye aliyeianzisha. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni na anajipiga picha hata akiwa anatafuna, lakini bado walikuwepo watu waliotaka picha moja ya maana, ya kutundika sebuleni, ambayo wajukuu wataikuta haijageuka rangi. Hao ndio waliokuja hapa, kwa sababu picha za hapa zilisafishwa kwa platini, kama zamani. Unachukua karatasi nzito ya pamba, unaipaka chumvi ya platini iliyochanganywa na chumvi ya chuma, unaikausha gizani, unailaza chini ya negativu ya kioo iliyotoka kwenye kamera, unaitoa juani. Jua likishafanya kazi yake unaona kivuli tu, tena hafifu. Ukiimwagia dawa, sura inajitokeza yote kwa mpigo, kama mtu aliyeitwa jina akageuka. Na ikishatokea haitoki tena, maana madini yameshaingia ndani ya nyuzi za karatasi. Karatasi itachakaa, itatafunwa na mende, lakini sura itabaki mpaka kipande cha mwisho.

Kupaka karatasi ilikuwa kazi yake. Kupiga picha na kuzungumza na wateja ilikuwa kazi ya mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, ingawa huo ufundi wote aliukuta kwenye nyumba ya mke. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya kubembeleza na jibu tayari kwa kila swali. Mama Chiriku alimpenda kwa upole huo, upole ambao baadaye aliuchukia kuliko kitu chochote duniani.

Kwa muda mrefu chumvi ya platini ilikuwa imeadimika madukani. Walikaa bila kazi, Fundi akishinda mlangoni akihesabu wapita njia kwa macho. Halafu siku moja akaingia na chupa ya kahawia iliyojaa pomoni.

"Umeipata wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kuna rafiki yangu mmoja," alisema Fundi. "Wewe paka tu, mke wangu. Tumpige picha mwanetu kabla hajaota meno mapya."

Mtoto wao alipewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Aliamka akiongea, akala akiongea, na akilala aliendelea kidogo kidogo mpaka usingizi umnyamazishe. Mama, kuku akijua kuogelea anakuwa bata? Mama, kipofu akiota ndoto anaona? Wakati huo meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mama yake alilipenda lile pengo kupita kiasi. Alitaka libaki mahali. Ndiyo sababu karatasi ya kwanza iliyopakwa kwa ile chupa mpya ilikuwa ya Chiriku, amekaa kwenye kiti kirefu, anacheka pengo nje.

Picha ilitoka nzuri. Nyuma ya bega la mtoto kulikuwa na doa la kijivu, refu, na Mama Chiriku alijilaumu kwamba hakupaka sawasawa. Wakaitundika sebuleni.

Siku chache baadaye, Chiriku alinyamaza. Hakuwa na homa wala hakulalamika maumivu. Alikaa tu kwenye kizingiti cha mlango, mikono mapajani, akiulizwa anatikisa kichwa. Mama yake alimpa maji, akampaka mafuta, akamwimbia. Fundi alisema mtoto anakua, watoto wakikua wanatulia.

Mchana mmoja Mama Chiriku akaenda kumchukua shuleni. Kengele ililia, watoto wakamwagika nje na sare zao, wakimpita kulia na kushoto, na yeye akasimama getini akitazama uso baada ya uso. Getini pakaanza kupungua watu. Mbele yake alikuwa amesimama msichana mdogo, amemshika pindo la gauni, anamtazama.

"Mtoto mzuri," akamwambia kwa upole, "umepotea? Mama yako yuko wapi?"

Macho ya mtoto yakajaa machozi taratibu. Ndipo Mama Chiriku alipouona mkoba begani kwa yule mtoto, mkoba alioushona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia kuukuu. Alimkumbatia, akamwomba radhi, akamwambia jua lilimpiga machoni. Njia nzima alimshika mkono kwa nguvu na kila hatua akamtazama, na kila alipomtazama ilibidi ajiambie upya kwamba huyu ni wake.

Walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja sebuleni, kwenye picha. Lile doa lilikuwa limesogea karibu na bega, limekolea, lina nywele ndefu na mahali pa uso pasipo na uso. Na uso wa Chiriku ulikuwa umepauka.

Aliishusha, akaisogeza dirishani, akaigeuzageuza. Platini haipauki. Alilijua hilo kuliko alivyozijua sala zake. Alishaona picha za babu yake zilizokaa juani miaka na miaka, fremu imeoza na sura iko vile vile. Sasa alimtazama mwanawe kwenye karatasi na pengo halikuonekana, na mdomo wenyewe ulikuwa karibu uishe, na alipojaribu kulikumbuka lile pengo kichwani hakulipata.

Kesho yake, saa za asubuhi, mlango wa studio uligongwa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye naye alikuwa amepigwa picha kwa chupa ile ile. Alikuja na picha yake kwapani, imefungwa gazeti, shati limekunjamana kama la mtu aliyelala nje.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mama Chiriku, lakini neno mwalimu lilimtoka kwa shida, maana ilimbidi kwanza akumbuke huyu ni nani.

"Nitazame vizuri, mwanangu," alinong'ona yule mzee. "Nilikufundisha kusoma mimi. Unanijua?"

"Nakujua."

"Basi uko peke yako. Mke wangu amenifungia mlango. Anasema humo ndani hamjawahi kuwa na mwanamume. Wanangu wa kuwazaa wamenipigia kelele za mwizi." Akaifungua ile picha. "Halafu tazama hii."

Kwenye kiti cha picha palikuwa na koti na tai, na juu ya tai palikuwa peupe kama sahani. Nyuma ya koti, kilichosimama na nywele zake ndefu kilikuwa kimekolea kuliko koti lenyewe, na mahali pake pa uso palianza kuota ndevu za mwalimu.

Mama Chiriku alimkalisha mzee wa watu, akampa chai, kisha akaingia chumba cha giza alikokuwa mumewe, akafunga mlango nyuma yake. Taa ndogo ya manjano ilikuwa inawaka. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito mpaka inakera koo.

"Ile chupa," alisema kwa sauti ya chini. "Platini uliitoa wapi?"

"Si nilikwambia? Rafiki yangu..."

"Rafiki yako anaitwa nani?"

Fundi akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Nilizichoma zile picha za stoo," alisema hatimaye. "Za babu yako. Nani alikuwa anazitazama? Madini yamekaa bure na sisi tunapiga miayo. Unachoma, unachukua majivu, unayayeyusha kwa asidi kali, unapata chumvi mpya kabisa. Hakuna kilichopotea. Nilifanya kwa ajili yenu, mama."

"Ulichoma zote?"

"Zote."

"Hata ile iliyofungwa kitambaa cheusi?"

Alipojibu, alijibu kama mtu anayejitetea mbele ya mkubwa wake. "Ile ndiyo ilikuwa na madini kuliko zote. Ilikuwa nyeusi tii."

Mama Chiriku akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Ile picha aliijua tangu utotoni, ingawa hakuwahi kuiona. Katika nyumba ya babu yake palikuwa na mwanamke aliyekaa chumba cha nyuma, ambaye wote walimwita Mgeni, kwa kuwa hakuna aliyejua ametokea wapi. Mgeni alipika, alifua, na ndiye aliyemfundisha kupaka karatasi bila kuacha michirizi. Siku moja alimwonyesha kile kitambaa cheusi. Usikifungue, alimwambia, na usiilaze picha hii uso kwa uso na karatasi yoyote. Hilo la pili kila mtu wa kazi hii analijua: picha ya platini ikilaliana na karatasi nyingine miaka mingi, huiachia umbo lake kwa rangi ya chai. Alidhani Mgeni anaogopa karatasi kuharibika. Na mumewe, kati ya watu wote, ameichoma akaisambaza kwenye karatasi za wateja.

Mwanamke pekee aliyeweza kuulizwa habari hizi alikuwa Mama Pamba, fundi magodoro wa pale kona, ambaye marehemu mama yake alikuwa mganga anayeogopwa. Mama Pamba mwenyewe hakupenda kuitwa mganga. Alisema magodoro yana heshima zaidi, mtu akilala vibaya anarudi kukulaumu, lakini akifa hawezi. Alikuja na nyuzi za pamba nywelani na mkoba wa zana, akamtazama Chiriku kizingitini, akamtazama tena, uso ukambadilika. Akaingia chumba cha giza, akazibua chupa, akanusa, akaifunga haraka.

"Nani kafanya ujinga huu?" aliuliza.

Fundi alitazama sakafu.

"Jini hili halina uso," alisema Mama Pamba, sasa kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikika na kitu kilichomo chumbani. "Ndiyo shida yake yote. Mengine yanataka uvumba, mengine yanataka kuchezewa ngoma. Hili linataka sura. Lilikuwa likitembea nyumba hadi nyumba likila sura za watu, na anayeliwa sura ndugu zake hawamjui tena. Mama yangu akatafuta sura isiyopauka, akalipatia, likashiba likatulia. Halafu nyinyi mnalichoma, mnaliyeyusha, mnalipaka kwenye karatasi kama siagi kwenye mkate."

"Tukizichoma hizi picha mpya?" aliuliza Fundi.

"Ulipochoma ile ya kwanza kilitokea nini?"

Kwenye beseni tone la maji lilianguka, na bomba lilikuwa limefungwa.

"Kuna njia moja," aliendelea Mama Pamba. "Mkusanye kila karatasi iliyopakwa, mzichome pamoja, mtoe madini yote, mchanganye na yaliyobaki kwenye chupa. Itengenezwe picha moja tu, kama ile ya mwanzo. Na mtu akae kwa hiari yake mbele ya kamera alipe jini sura yake. Walioliwa watarudishiwa zao. Aliyekaa hatarudishiwa. Ataishi, atakula, ataumwa na meno kama mtu yeyote, lakini watu wake hawatamjua mpaka anazikwa. Na hata akiapa, hawatamwamini."

"Ile ya mwanzo," alisema Mama Chiriku, "alikaa nani?"

Mama Pamba alimshangaa. "Kwani hujui? Bibi yako mzaa mama."

"Bibi yangu alikufa mama akiwa mchanga. Babu mwenyewe alituambia."

"Alikwambia alichokijua. Asubuhi ile babu yako alimkuta jikoni kwake mwanamke asiyemfahamu, analia. Alikuwa mtu wa huruma. Akampa chumba cha nyuma."

Mama Chiriku akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alikumbuka jinsi yeye na binamu zake walivyomwiga Mgeni anavyotembea, jinsi mama yake alivyomkemea yule mwanamke kwa kumbusu mtoto asiye wake, jinsi alivyozikwa na watu wachache na babu akaenda kazini siku hiyo hiyo. Bibi yake mzazi alimfundisha kazi miaka yote ile na yeye hakuwahi hata kumwamkia ipasavyo.

Kisha wote wawili, yeye na Mama Pamba, wakamgeukia Fundi. Haikuhitaji maneno.

"Nitakaa mimi," alisema Fundi. "Ni haki. Mimi ndiye niliyekosa."

Mama Chiriku alilia, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu ile chupa iingie nyumbani alimpenda tena. Alimwahidi kwamba hata akimsahau atamwandalia chakula kila siku, na hatamwuliza ametokea wapi.

Zikakusanywa picha: ya mwalimu, ya Chiriku, na ya maharusi wa mtaa wa juu ambao walikuwa wameanza kulala vyumba tofauti, kila mmoja akidai kuna mtu asiyemjua ndani. Fundi alizichoma uani kwenye sufuria kuukuu. Moshi wake haukupanda juu. Ulitambaa chini ukizunguka miguu ya Chiriku. Alifanya kazi ya asidi na majivu kwa ustadi wote, na mwisho wa yote ikabaki chumvi ya kutosha karatasi moja.

Asubuhi ya kazi Mama Pamba alimchungulia mtoto usoni na kumwambia mama yake bila kumficha: "Jua la leo likizama bila picha, huyu hatarudi."

Mama Chiriku alimtazama mtoto aliyekaa kizingitini. Aliona sare ya shule na mikono midogo. Juu ya kola aliona uso wa mtoto yeyote yule, uso ambao ungemponyoka akifumba macho. Ikambidi aamini tu maneno ya Mama Pamba kwamba huyu alimzaa yeye, na hakuna uchungu aliowahi kuuonja uliofika hapo.

Fundi alikaa kwenye kiti kirefu, koti limenyooshwa. Kioo cha kupigia picha alikwisha kukipakia mwenyewe gizani kwenye kasha lake, akisema anamsaidia mkewe. Mama Chiriku akaingia chini ya kitambaa cha kamera, akapiga, akakimbilia chumba cha giza na kasha mkononi. Alikiosha kioo kwenye dawa, na kioo kikawa cheusi chote, kona hadi kona, bila hata kivuli cha mtu. Kioo kinakuwa hivyo kikiwa kimeonyeshwa mwanga kabla ya kazi. Haiwezekani vinginevyo, na mtu aliyefanya kazi hii miaka yote ile hakosei kwa bahati mbaya.

Alitoka nacho, akamwonyesha.

"Labda vioo vyenyewe ni vya zamani," alisema Fundi. Hakumtazama machoni. "Labda tujaribu kesho. Mwanga wa leo wenyewe si mzuri."

Jua lilikuwa linawaka utosini. Mama Chiriku alimtazama mume wake kwa muda, akamwona mzima, mwanzo mpaka mwisho, na upole wake wote, na akaona hakuna haja hata ya kumtukana.

"Ondoka kwenye kiti," alimwambia. "Nenda nyuma ya kamera."

"Mke wangu, sikiliza..."

"Na kioo nitapakia mwenyewe."

Akakaa. Safari hii Fundi ndiye aliyepiga. Negativu ilitoka safi, kila unywele mahali pake, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Kupaka alipaka yeye, chini ya taa ya manjano, mlango umerudishwa, na alipochovya brashi ile harufu ikamjia kwa nguvu, na brashi ikawa nzito kama inavutwa kutoka upande wa pili wa karatasi, naye akapaka kwenda kushoto na kurudi kulia kama alivyofundishwa na yule mwanamke ambaye alikuwa bibi yake, bila kuacha michirizi, huku nyuma yake kitu kikipumua pole pole kwa pumzi ya moto shingoni mwake, na alipogeuka alimkuta mtoto amesimama mlangoni, uso mtupu, mdomo unacheza, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mtu mzima sana, sauti kavu ya aliyekaa na kiu miaka mingi, ikisema, "Paka vizuri. Nimechoka kubanwa kwenye sura ndogo," na hakupiga kelele kwa sababu mkono ungeteleza na karatasi ilikuwa moja tu.

Ilipokauka aliilaza chini ya negativu, akaibana kwenye fremu ya kioo, akaitoa uani. Alikaa pembeni yake juani, akimtazama mtoto, akijilazimisha kumtazama. Hakuogopa tena jini. Alichoogopa ni kwamba huenda anatoa sura yake kwa ajili ya mtoto ambaye hata yeye, mama, hatamkumbuka, wakabaki wageni wawili ndani ya nyumba moja. Jua likafanya kazi yake. Kivuli kikaonekana, hafifu.

Akarudi ndani, akaiweka karatasi kwenye trei, akaimwagia dawa. Sura yake ilijitokeza yote kwa mpigo, na macho ya kwenye karatasi yakapepesa mara moja, yakamtazama, yakatabasamu kwa meno yake mwenyewe. Tone la bomba likakoma. Harufu ikakatika. Akaisuuza kwenye asidi, akaisuuza kwa maji mara kwa mara kama inavyotakiwa, akaifunga kitambaa cheusi. Wakati huo wote mikono yake ilikuwa imara, ila machozi yalimtiririka bila kumwomba ruhusa.

Ndipo kutoka uani akasikia sauti ya mtoto.

"Baba! Baba, mjusi akikatika mkia, mkia unajua kwamba mjusi ameondoka?"

Akafungua mlango. Alikuwa amekaa kizingitini, Chiriku wake, na uso wake ulimrudia mama yake wote kwa pamoja, nyusi, kidevu, kovu dogo la tetekuwanga chini ya jicho, pengo la mbele. Angemtambua kati ya watoto wa dunia nzima. Kutoka mtaa wa pili ulisikika mdomo wa mke wa mwalimu, anamfokea mumewe alikuwa wapi siku zote hizi na chakula kimelala. Mama Pamba peke yake alimtazama Mama Chiriku machoni, mara moja tu, kisha akaipokea ile picha iliyofungwa kitambaa, akaitia mkobani, akaenda zake.

Fundi alikuwa amesimama karibu na kamera, mabega yamelegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo na hajui ulikuwa mzigo gani. Alimwona mwanamke mlangoni, akamtabasamia kwa ule upole wake wa wateja.

"Karibu, mama," alisema. "Samahani, sikukuona unaingia. Ni picha ya kwako peke yako au ya familia?"

Aliyafuta machozi kwa pindo la gauni.

"Baba," alisema Chiriku kwa sauti ya chini ambayo mtaa mzima ungeisikia, "huyu mama analia nini?"

"Sijui, mwanangu. Labda amefiwa. Mletee kiti."

Mtoto akakimbia, akaburuta kiti kirefu mpaka miguuni kwa mgeni, akamshika mkono akamkalisha, kisha akasimama mbele yake akimchunguza kwa huruma, kichwa upande.

"Usilie, shangazi," alimwambia. "Mimi mwenyewe sina mama, na silii."